Kuchukua sampuli za maji ya udongo kwa vifyonza vya ombwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanafunzi, maofisa ugani na wakulima wa zabibu, mtama na alizeti katika mkoa wa Dodoma, ambao wamekuwa wakiuliza mambo yaleyale kila msimu wa mvua unapokaribia. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kumpeleka msomaji kwenye jibu jingine bila kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Kifyonza cha maji ya udongo ni kitu gani?

Ni bomba, kwa kawaida la plastiki ngumu ya PVC, ambalo ncha yake ya chini imeunganishwa na kikombe cha kauri chenye vinyweleo vidogo sana, na ncha yake ya juu imefungwa kwa kizibo cha mpira kilichopitishwa mrija mmoja au miwili. Bomba hufukiwa ardhini hadi kina kinachotakiwa, hewa iliyomo ndani huvutwa kwa pampu ya mkono, mrija hubanwa, na ombwe linalobaki ndani huvuta maji kutoka kwenye udongo unaokizunguka kikombe. Baada ya saa kadhaa au siku moja hadi mbili, maji yaliyokusanyika hunyonywa kwa mrija na kutiwa kwenye chupa.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1904 Briggs na McCall, watafiti wa Marekani, walieleza bomba la kauri la namna hii na kulifananisha na mzizi wa bandia. Mfano huo bado unafaa kumweleza mkulima, kwa sababu kifyonza, kama mzizi, hupata tu yale maji ambayo udongo unakubali kuyaachia.

2. Ikiwa kikombe kina matundu, kwa nini hewa haiingii na kuharibu ombwe?

Kwa sababu matundu hayo yamejaa maji. Maji yaliyoshikwa ndani ya tundu jembamba hushikamana na kuta zake kwa nguvu, na kadiri tundu linavyokuwa dogo ndivyo hewa inavyohitaji msukumo mkubwa zaidi ili kuyaondoa. Kikombe kinachouzwa kwa jina la kikombe cha baa 1 kina vinyweleo ambavyo vile vikubwa kabisa hufikia takriban mikromita 3, yaani vyembamba zaidi ya mara 20 kuliko unywele wa binadamu, na kikiwa kimelowa sawasawa huzuia hewa hadi karibu kilopaskali 100, kipimo cha mgandamizo kilicho sawa na baa 1. Kikikauka, hewa hupita bila kizuizi na hakuna ombwe litakalokaa. Sehemu kubwa ya matatizo yanayoelezwa katika swali la 17 hutokana na jambo hili moja.

3. Kuna tofauti gani kati ya sampuli hii na udongo unaochimbwa na kupelekwa maabara, au maji ya kisima?

Udongo uliochimbwa na kulowekwa maabara hutoa karibu kila kitu kinachoweza kuyeyuka, kikiwemo kile kilichokuwa kimeshikwa kwenye chembe na ambacho maji ya shambani yasingekichukua kwa wakati huo. Maji ya kisima nayo yametoka kwenye tabaka ambalo nafasi zake zote zimejaa maji, na huenda yamechukua miaka mingi kufika huko. Sampuli ya kifyonza iko katikati: ni maji yaliyokuwa yakisogea, au yaliyokuwa tayari kusogea, katika kina fulani kwa siku fulani. Faida nyingine ni kwamba unaweza kurudi mahali palepale mara nyingi bila kuchimba upya.

4. Kwa nini tujisumbue na maji ya udongo katika mkoa mkavu kama Dodoma?

Tunajisumbua kwa sababu ya huo ukavu. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hurudi angani kwa njia ya mimea na jua kabla haijapita mizizi. Katika misimu mingi maji yanayoshuka chini ya mizizi ni kidogo sana. Kumbukumbu za visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji, ambazo zimewekwa kwa zaidi ya miaka 50, zinaonyesha kwamba hazina ya maji ya chini ya ardhi haijazwi kidogokidogo kila mwaka, bali hujazwa kwa kishindo katika misimu michache yenye mvua nzito, na msimu wa El Niño wa 1997/98 ulikuwa mkubwa kuliko yote katika kipindi hicho.

Maana yake kwa mtu anayechukua sampuli ni nzito. Jiji hili limeyategemea maji ya Makutupora kwa miongo mingi. Chochote kilicholala kwenye udongo kwa miaka kadhaa, kiwe nitrati ya samadi, mabaki ya mbolea ya kukuzia au uchafu wa vyoo vya shimo, kinaweza kusukumwa chini ndani ya wiki chache za msimu mmoja wenye mvua nyingi. Ukikosa wiki hizo hakuna kipimo cha kiangazi kitakachokurudishia, na nafasi kama hiyo inaweza isirudi kwa miaka. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanasisitiza kuwa tayari kabla ya wingu la kwanza.

## Vifaa na maandalizi

5. Nichague kikombe cha aina gani?

Kwa nitrati, kloridi, chumvi kwa ujumla na madini kama kalsiamu na magnesi, kikombe cha kauri kinatosha, mradi kimeoshwa (tazama swali la 6). Kwa fosfeti na metali zinazopatikana kwa kiasi kidogo sana, kauri haifai, kwa sababu hushika sehemu ya vitu hivyo kwenye kuta zake na wakati mwingine huachia alumini na sodiamu zake yenyewe. Hapo vinahitajika vikombe vya nailoni, vya PTFE (plastiki ya aina ya Teflon) au vya kioo maalumu, ambavyo ni ghali zaidi, na baadhi yake hupoteza ombwe mapema zaidi udongo unapokauka.

Kwa vyungu vya majaribio na vitalu vya miche kuna vifyonza vidogo vinavyoitwa Rhizon, vyenye unene wa milimita 2.5 tu, ambavyo huvutwa kwa bomba la sindano. Ni vizuri kwa kazi ya mezani. Kwa shamba la Chamwino au Kongwa lenye mizizi ya mtama, mawe na mchwa, nashauri bomba nene.

6. Je, kikombe kipya lazima kioshwe?

Ndiyo, bila msamaha. Kauri mpya huwa na vumbi la kiwandani na chumvi zinazoyeyuka, na sampuli za mwanzo zitapima kiwanda badala ya shamba. Utaratibu wa kawaida ni kupitisha asidi hafifu ya haidrokloriki kwenye kuta za kikombe kwa kuivuta kwa ombwe, kisha kupitisha maji yaliyoondolewa chumvi mara nyingi, hadi kipimo cha upitishaji umeme, ambacho huonyesha wingi wa chumvi, cha maji yanayotoka kilingane na cha maji yanayoingia. Kazi ya asidi ifanyike maabara au mahali penye hewa, kwa glavu na miwani, na asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Baada ya kuosha, ni vizuri kikombe kikaloweshwa kwa siku moja kwenye maji yanayofanana na ya shamba lenyewe, ili kizoee kabla ya kipimo cha kwanza.

7. Naweza kutumia maji ya betri yanayouzwa dukani?

Swali hili huulizwa sana kwa sababu maji yaliyotoneshwa si rahisi kupatikana nje ya maabara. Baadhi ya chupa za dukani huwa na maji yaliyotoneshwa kweli, nyingine ni asidi ya betri, na chupa zenyewe zinaweza kufanana. Soma lebo, kisha pima upitishaji umeme kabla ya kuyatumia. Yakiwa safi yatafaa kwa suuza za mwanzo, lakini suuza ya mwisho na sampuli tupu za kulinganisha (maji safi yanayopimwa kama sampuli) zifanywe kwa maji ya maabara.

8. Nitajuaje kama kifyonza kinavuja kabla ya kukifukia?

Loweka kikombe usiku kucha. Asubuhi, kikiwa ndani ya ndoo ya maji, sukuma hewa ndani ya bomba polepole kwa pampu yenye geji. Viputo vikitoka kwenye kiungo cha kauri na plastiki, au kwenye kizibo, hapo ndipo penye kasoro. Viputo vikitoka mapema kwenye kauri yenyewe, ina ufa usioonekana kwa macho. Baada ya hapo vuta ombwe la kilopaskali 60, bana mrija huku kikombe kikiwa kimezama, na uangalie kama maji yanaingia. Kifyonza kisichopita jaribio hili kisiende shambani. Kukichimbua Februari ni kazi ya siku nzima na shimo haliwi lilelile tena.

9. Naweza kukitengeneza mwenyewe?

Bomba, ndiyo. Mabomba ya PVC ya duka la vifaa vya ujenzi, kizibo cha mpira, mirija ya plastiki na gundi ya epoksi hutosha, na fundi makini huunganisha kifyonza kizuri. Kikombe cha kauri, hapana: kinunuliwe. Vyungu vya wafinyanzi wetu hupitisha maji vizuri, na nimeona vikitumika kuwaonyesha wanafunzi jinsi ombwe linavyofanya kazi, lakini matundu yake hayalingani, na tundu moja kubwa linatosha kuingiza hewa na kumaliza ombwe lote.

## Kufukia kifyonza shambani

10. Ni wakati gani mzuri wa kufukia?

Kwa Dodoma, Novemba, au hata mwisho wa msimu uliotangulia wakati udongo ungali na unyevu wa kuchimbika. Udongo unaozunguka kikombe huvurugwa wakati wa kuchimba, na huhitaji wiki kadhaa na mvua chache ili kutulia. Anayechimba baada ya mvua kubwa ya Januari hupata sampuli za shimo lake mwenyewe. Msimu wangu wa kwanza nilifanya hivyo, na vipimo vyote vya Februari niliviweka kando, jambo ambalo bado linaniuma nikikumbuka jinsi mvua ya mwaka ule ilivyokuwa nzuri.

11. Vifukiwe kwa kina gani, na vingapi?

Anza na swali unalotaka lijibiwe. Anayetaka kujua chakula kinachopatikana kwa mimea ataweka sentimita 30. Anayetaka kujua kinachopotea kuelekea maji ya chini lazima ashuke chini ya mizizi mingi: kwa mtama na alizeti ni sentimita 90 hadi mita 1 au zaidi, na kwa mizabibu ya miaka mingi ni zaidi ya hapo. Mpangilio wa sentimita 30, 60 na 90 hupendwa kwa sababu unaonyesha chumvi ikishuka ngazi kwa ngazi.

Kuhusu idadi, kifyonza kimoja kwa kila kina hakitoshi. Weka visivyopungua vitatu kwa kila kina katika kila kipande cha shamba, na vitano ni bora. Swali la 23 linaeleza sababu.

12. Nieleze namna ya kufukia hatua kwa hatua.

Toboa shimo kwa kekee ya udongo yenye upana unaozidi bomba kidogo tu, likiwa wima au likiinama kidogo. Mimi hupendelea kuinama kidogo, ili udongo ulio juu moja kwa moja ya kikombe ubaki bila kuguswa na maji ya mvua yasipate njia ya mkato kando ya bomba. Unapochimba, tandaza udongo kwenye turubai kwa mpangilio wa tabaka zake, usichanganye wa juu na wa chini.

Changanya uji mzito wa unga wa silika na maji yaliyoondolewa chumvi. Ikiwa silika haipatikani, chekecha udongo wa kina kilekile na uukoroge mpaka uwe uji laini usio na mawe wala mizizi. Mimina uji huo chini ya shimo, kisha ushushe kifyonza, kikiwa kimelowa, mpaka kikombe chote kizame ndani yake. Hatua hii ndiyo roho ya kazi. Pengo la hewa kati ya kauri na udongo hukata njia ya maji, na hakuna pampu itakayoliziba.

Rudisha udongo tabaka kwa tabaka ukiushindilia kwa fimbo. Njiani, walau sehemu moja juu ya kikombe na nyingine karibu na uso wa ardhi, weka kizuizi cha udongo wa bentonaiti, ambao hufura ukilowa na kuzuia maji kuteremka kando ya bomba. Juu ya ardhi inua kichuguu kidogo kuzunguka bomba ili maji yasituame. Andika kwenye bomba, kwa wino usiofutika, namba, kina na tarehe, kisha vuta ombwe mara mbili au tatu na umwage maji yote yatakayopatikana.

13. Shamba langu ni la udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi. Je, kifyonza kitafaa?

Kitafaa kwa tahadhari. Mvua za mwanzo hushuka moja kwa moja kupitia nyufa na kufika chini bila kugusa madonge makubwa ambamo kikombe kimelala, hivyo kifyonza hakitayaona maji hayo kabisa. Nyufa zikishafunga, katikati ya msimu, vipimo vinaaminika zaidi. Kwa mbuga ni busara kuweka pia chombo cha kukinga maji yanayoteremka yenyewe (tazama swali la 26), na kukagua mara kwa mara kama udongo umejivuta ukaacha nafasi kando ya bomba.

14. Nifanye nini kuhusu ng'ombe, panya na watoto?

Zungumza na mwenye shamba na ofisi ya kijiji kabla ya kuchimba, ueleze kitu hicho ni nini na kwamba hakina sumu wala mali ndani yake. Baada ya mavuno mifugo huingizwa mashambani kula mabua, na bomba lililosimama halitabaki salama. Kata bomba liishie chini ya uso wa ardhi na ulifunike kwa kisanduku chenye kifuniko, au pitisha mirija chini ya ardhi hadi ukingoni mwa shamba. Mirija ipite ndani ya bomba jingine gumu, maana panya huitafuna na jua la hapa huikausha mpaka inakatika.

## Kuvuta ombwe na kukusanya maji

15. Nivute ombwe kiasi gani?

Kilopaskali 50 hadi 60 zinatosha kwa udongo tifutifu na kichanga. Geji nyingine huandika sentibaa, na kilopaskali 60 ni sawa na sentibaa 60 au baa 0.6. Usivute zaidi kwa kudhani utapata maji bora. Nguvu kubwa huvuta maji kutoka mbali zaidi na kutoka kwenye nafasi ndogo zaidi, na sampuli ya leo haitalinganishika na ya juzi. Chagua kiwango kimoja na ukishike msimu mzima.

16. Geji yangu inakataa kupita kilopaskali 85. Pampu imeharibika?

Kuna uwezekano mkubwa kwamba ni nzima. Jiji la Dodoma liko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni karibu kilopaskali 89, si 101 kama Dar es Salaam. Ombwe haliwezi kuzidi mgandamizo wa hewa wa mahali ulipo. Maelekezo ya vifaa vingi yameandikwa kwa ajili ya watu walio karibu na usawa wa bahari, na mafundi kadhaa wamefungua pampu zisizo na hitilafu kwa kuyafuata.

17. Nimerudi baada ya siku moja na hakuna maji ndani. Tatizo ni nini?

Kwanza soma geji kabla ya kufungua chochote, kwa sababu jibu liko hapo. Ombwe likiwa bado lipo lakini maji hayapo, kifyonza ni kizima ila udongo ni mkavu au kikombe hakishikani nao. Kifyonza hiki hufanya kazi pale tu udongo unaposhika maji kwa nguvu ndogo kuliko ombwe lako. Mimea yetu huendelea kunywa mpaka nguvu hiyo ifike karibu kilopaskali 1,500, kwa hiyo mtama unaweza kuwa wa kijani kibichi wakati kifyonza hakipati hata tone. Hilo si kosa la mtu; subiri mvua.

Ombwe likiwa limetoweka, hewa inaingia mahali fulani. Kagua mambo rahisi kwanza: kibanio, kizibo, mrija uliopasuka kwa jua. Kama vyote ni vizima, huenda kikombe kimekauka. Mimina robo lita ya maji yaliyoondolewa chumvi ndani ya bomba, yaache usiku mmoja, nyonya yaliyobaki, kisha vuta upya na umwage sampuli moja au mbili za mwanzo, kwa kuwa zimechanganyika na maji yako. Ombwe likipotea tena, kikombe kimepasuka au kiungo kimeachia.

18. Baada ya mvua nisubiri muda gani?

Kwenye kichanga, vuta ndani ya siku moja. Kwenye tifutifu jekundu, siku moja hadi tatu. Mvua ya chini ya milimita 10 juu ya udongo mkavu mara nyingi haifiki hata sentimita 30, basi usijichoshe na safari. Weka kipimamvua shambani penyewe, kwa sababu mvua za hapa hunyesha kwa mapande na kijiji jirani kinaweza kulowa wakati wewe umebaki mkavu.

19. Kuna kina ambacho maji hayawezi kunyonywa juu?

Ndiyo. Kwa mgandamizo wa hewa wa Dodoma, hata pampu kamilifu isingeinua maji zaidi ya takriban mita 9, na kwa vitendo ni pungufu ya hapo. Kwa kina kikubwa hutumika kifyonza chenye mirija miwili, ambapo hewa husukumwa kwa mrija mmoja na maji hupanda kwa mwingine.

## Kutunza sampuli na kusoma majibu

20. Sampuli itunzwe vipi mpaka maabara?

Suuza chupa kwa maji kidogo ya sampuli yenyewe, kisha ijaze. Pima upitishaji umeme na kiwango cha asidi papo hapo. Weka chupa kwenye deli lenye barafu, mbali na jua, na uzifikishe kwenye baridi ya nyuzi 4 siku hiyohiyo. Nitrati ipimwe ndani ya siku mbili. Kama haiwezekani, gandisha. Chupa za kioo zinazotumika chini ya ombwe zizungushiwe utepe mpana wa gundi, kwa kuwa zikipasuka hulipukia ndani na vipande hurushwa.

21. Ni vipimo gani visivyoaminika kwa njia hii?

Bakteria, kwa sababu wengi huzuiwa na kauri. Viuatilifu vinavyopaa kwa urahisi na gesi zilizoyeyuka, kwa sababu ombwe huzitoa. Kiwango cha asidi nacho hubadilika: hewa ukaa ikitoka, maji huonekana kuwa na asidi pungufu kuliko yalivyokuwa ardhini, na chokaa inaweza kuganda ndani ya bomba. Kuhusu fosfeti, tazama swali la 5.

22. Sampuli za mvua za kwanza zina nitrati nyingi mno. Nimekosea?

Huenda hujakosea hata kidogo. Udongo uliokauka muda mrefu ukilowa ghafla, vijidudu vyake huamka na kuozesha mabaki kwa kasi, na nitrati hupanda. Mtafiti Birch, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, aliieleza hali hii katika maandishi yake ya 1958, na hadi leo wanasayansi duniani huiita kwa jina lake. Ongeza na nitrati iliyobaki tangu msimu uliopita. Thibitisha kwa sampuli tupu ya maji yaliyoondolewa chumvi na kwa vifyonza vya jirani, lakini usiifute namba kwa sababu tu ni kubwa: katika mazingira yetu huenda ndiyo namba muhimu kuliko zote za mwaka.

23. Vifyonza vitatu vya kina kimoja vimetoa namba tatu tofauti. Niamini kipi?

Vyote. Udongo wenyewe unatofautiana kwa hatua moja: hapa palianguka samadi, pale pana shimo la mzizi uliooza. Kikombe hupata maji ya eneo dogo tu linalokizunguka. Ripoti wastani pamoja na namba ya chini na ya juu, na usifute ile isiyokupendeza isipokuwa una sababu iliyoandikwa kwenye daftari la shambani.

24. Nitabadilishaje miligramu kwa lita kuwa kilo za naitrojeni kwa hekta?

Kifyonza peke yake hakiwezi kukupa kilo. Kinakueleza maji yana nini, hakikuelezi ni maji kiasi gani yamepita. Kiasi hicho lazima ukikadirie kwa hesabu ya mvua, maji yanayotumiwa na mimea, yanayotiririka juu ya ardhi na badiliko la unyevu udongoni.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Nitrati ikiwa imepimwa kama nitrati kamili, gawanya kwa 4.43 kupata naitrojeni. Tuseme umepata naitrojeni miligramu 20 kwa lita, na hesabu yako inaonyesha milimita 50 zimeshuka chini ya mizizi. Milimita 1 kwenye hekta moja ni lita 10,000, hivyo milimita 50 ni lita 500,000. Zidisha kwa miligramu 20 na utapata kilo 10 za naitrojeni kwa hekta. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mkulima akielezwa kwamba karibu nusu mfuko umeshuka mahali ambapo mahindi yake hayawezi kuufikia, anaelewa mara moja kwa nini ni heri kuigawa mbolea ya kukuzia mara mbili.

Usifanye hesabu hii kwa sampuli moja. Unganisha kila sampuli na maji yaliyoshuka katika siku zake, kisha ujumlishe.

## Hali zisizo za kawaida

25. Je, njia hii inafaa kwenye mashamba yenye chumvi, kama ya bonde la Bahi, au yenye umwagiliaji wa matone?

Kwenye chumvi inafaa sana, kwani upitishaji umeme wa maji ya udongo ndio hasa mzizi unaoukuta. Osha vifyonza zaidi kati ya safari, na sampuli za chumvi nyingi zisiguse chupa za sampuli nyepesi. Kwenye mizabibu ya matone, umbali kutoka kwenye tone hubadilisha kila kitu: chini ya tone chumvi huoshwa, na pembeni ambapo maji huishia hujilundika. Weka kifyonza kimoja chini ya tone na kingine ukingoni mwa eneo linalolowa, na usiyachanganye maji yake.

26. Kuna kifaa rahisi zaidi kwa mkulima asiye na pampu?

Kipo. FullStop, iliyobuniwa Australia, ni faneli inayofukiwa. Maji yakishuka hadi kina chake hujikusanya na kuinua kiashiria juu ya ardhi, na kiasi kidogo hubaki cha kupimwa nitrati kwa vijikaratasi vya rangi. Imetumiwa na wakulima wa skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa. Hukamata maji yanayoteremka kwa nguvu tu, wakati kifyonza hupata pia yaliyoshikwa na udongo, hivyo namba zake zisichanganywe na za kifyonza katika jedwali moja.

27. Kiangazi niving'oe au niviache?

Ikiwa utafiti unaendelea mwaka unaofuata, viache, kwa sababu udongo uliokwisha kutulia ni mali. Ondoa maji yote, ziba mirija, funika kisanduku, na ukague mchwa angalau mara moja kwa mwezi. Katikati ya Novemba vilowanishe kama ilivyoelezwa katika swali la 17 na ujaribu ombwe la kila kimoja, ukibadilisha vizibo vilivyokakamaa. Ikiwa utafiti umekwisha, ving'oe mwezi wa Mei udongo ungali laini, kwa kuchimba kando na si kwa kuvuta, kwa sababu kauri huvunjika shingoni na kubaki ardhini. Jaza shimo kwa udongo wake, na umwonyeshe mwenye shamba kila mahali ulipochimba.